Taa za Bandari Katika Ziwa la Nyanza

Kwa sisi tukaao Kitale na Bungoma, Ziwa la Nyanza ni jambo la sokoni. Omena hutufikia wamekauka, wakapimwa kwa gorogoro. Mbuta hutufikia wamekaangwa. Na ujuzi wetu wa ziwa huishia hapo. Habari zetu ni mvua, mbolea, bei ya gunia, na lori lililokwama njiani. Chombo huingiaje bandarini usiku, na ni nani amwonyeshaye nahodha njia, hayo hatuyaulizi. Mimi nami sikuyauliza kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini niliyokuwa karani wa ghala la mahindi Kitale, hata usiku mmoja nilipolazimika kuyauliza nikiwa katikati ya maji.

Ndugu yangu mdogo ni mwalimu katika kisiwa cha Rusinga. Alikuwa ameniita mara nyingi nikamtazame, nami nikatoa udhuru wa kazi kila mara. Nilipostaafu udhuru ukaisha. Basi nikakusudia kwenda polepole, nikipitia mahali ambapo kwa miaka yote nilipajua kwa kupaandika tu katika hati za mizigo.

Nilianzia stesheni ya Kitale. Njia ya reli ya kuja mji wetu ilichepuka kutoka njia kuu pale Leseru, ikafika Kitale mwaka 1926, na kwa muda mrefu mahindi ya Trans Nzoia yalishuka kwa njia hiyo kwenda pwani na ng'ambo. Njia kuu yenyewe haikukoma Eldoret. Ilishuka Turbo, ikapita Webuye, ambayo siku zile iliitwa Broderick Falls, ikapita Bungoma, ikavuka mpaka kwenda Tororo, ikaungana na Jinja mwaka 1928, na kufika Kampala mwaka 1931. Naomba msomaji aiweke miaka hiyo miwili kichwani, maana itatuhusu tutakapofika gatini Kisumu.

Kutoka Kitale nilipita Kiminini na Kamukuywa, nikashuka Webuye kuyatazama maporomoko ya mto Nzoia. Mto huu ni wetu kabisa. Maji yake hutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, hupita chini ya daraja lililoupa mji wa Moi's Bridge jina lake, huanguka hapo Webuye kwa kishindo, kisha hushuka upande wa Mumias kwenda kuigharikisha Budalangi, na mwisho huingia ziwani karibu na mahali paitwapo Port Victoria. Siku niliyofika mimi mvua ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi ile ni shamba la mtu. Yeyote asiyelima kwa makingamaji huku juu hupeleka udongo wake ziwani bure, bila hata kulipa nauli, na nitaonyesha baadaye ya kuwa udongo huo huwasumbua hata manahodha.

Nililala kwangu Bungoma usiku mmoja, kisha nikaufuata mto hadi mwisho wake. Niliwahi kujiuliza kwa nini kijiji cha wavuvi katika nchi ya Wanyala kikapewa jina kubwa kama Port Victoria. Jibu lake ni hili. Kapteni Macdonald alipotumwa mwaka 1891 kutafuta njia ya reli kutoka Mombasa, alipendekeza ifike ziwani upande huo, katika ghuba iliyoitwa Berkeley. Barabara ya misafara iliyokatwa na Kapteni Sclater katika miaka ya 1895 na 1896 ilielekea huko huko, ikipitia Mumias. Lakini baadaye wapimaji wakaona ya kuwa kuna njia fupi zaidi ya kuteremka bonde la Nyando hadi ghuba nyingine iliyo kusini, ambayo siku zile iliitwa Ugowe na leo twaiita Winam. Reli ikageuzwa. Port Victoria ikabaki na jina la bandari, na bandari yenyewe ikaenda Kisumu. Kama mambo yangalikwenda kama yalivyoandikwa kwanza, pengine Bungoma ingalikuwa jirani ya bandari kuu ya ziwa, nami ningalikuwa karani wa gati badala ya karani wa ghala.

Nilisimama ufukoni hapo jioni. Mashua zilikuwa zikitoka kwenda kuvua omena, kila moja na taa zake. Kazi hiyo hufanywa katika giza lisilo na mbalamwezi: taa huwekwa juu ya maji, wadudu na samaki huja kwenye mwanga, na wavuvi huwazungushia wavu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa jua. Saa mbili ya usiku ziwa lilikuwa limejaa taa kama mji mkubwa. Nilifurahi sana kuziona. Sikujua bado ya kuwa mgeni asiyejua ziwa hudanganywa nazo.

Kisumu nilikaa siku tatu. Mji huu ulipewa jina la Port Florence kwa heshima ya Bibi Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, naye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho mwezi wa Desemba 1901. Lakini kabla ya reli kufika, ziwa lilikuwa limekwisha anza kuchunguzwa. Afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Kamanda Whitehouse, alilizunguka kwa mashua akiandika visiwa, rasi, miamba na kina cha maji. Kina hupimwa kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba yenye alama: hutupwa majini, kikigusa chini kamba husomwa. Fikiri mtu apimaye hivyo katika ziwa lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,000, ambalo ni kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya! Ramani zilizotokana na kazi ile zimetumiwa na manahodha kwa miaka zaidi ya mia.

Meli ya kwanza ya moshi ya serikali katika ziwa, William Mackinnon, ilifika Mombasa mwaka 1895 ikiwa vipande vipande, wakati ambapo hapakuwa na reli ya kuifikisha ziwani. Vipande vikachukuliwa na misafara ya wapagazi kupanda bara. Vingine vilichelewa mno njiani, na meli haikuanza safari zake ziwani mpaka mwaka 1900. Baada yake zikaja Winifred na Sybil, kisha Clement Hill na nyinginezo, nazo zikawa zikivusha abiria, ngozi, na hasa pamba ya Uganda kuileta kwenye reli Kisumu.

Hapa ndipo habari ya taa ianzapo. Mtazame Kisumu katika ramani: umejificha ndani kabisa ya ghuba, na ghuba yenyewe ni ndefu, haina kina kirefu, na mlango wake ni mlangobahari mwembamba ulio kati ya nchi ya Uyoma na kisiwa cha Rusinga. Meli itokayo Entebbe au Mwanza sharti kwanza iupate mlango huo, kisha ipite kati ya visiwa na miamba, ndipo ilione gati. Mchana, nahodha hutumia vilima kuwa alama. Usiku, kilima hakionekani. Nahodha asiye na taa ya kumwongoza ana hiari mbili tu: kutia nanga mpaka kupambazuke, au kujitia katika bahati. Tena miamba mingine haikuwamo katika ramani kabisa. Mwezi wa Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, Sybil ilipanda mwamba wa namna hiyo karibu na Majita, upande uliokuwa wa Wadachi, ikabidi iachwe ufukoni.

Taa ya bandari si taa ya kuangazia. Wengi wetu twadhani kazi yake ni kuyatia maji mwanga, kama taa za gari ziangazavyo barabara. Sivyo. Taa hiyo haimwonyeshi nahodha maji. Humwonyesha mahali alipo yeye. Kila taa ina mtindo wake wa kumulika: moja huwaka na kuzimika baada ya sekunde kadha, nyingine humulika mara mbili na kunyamaza, nyingine ni nyekundu. Nahodha huhesabu, hutazama katika kitabu chake, akajua, 'Hii ni rasi fulani, basi mwamba uko mkono wangu wa kushoto.' Na mwanga wenyewe hauhitaji moto mkubwa. Mwanasayansi wa Ufaransa aitwaye Fresnel aligundua mnamo mwaka 1822 namna ya kupanga pete za kioo kuizunguka taa ndogo, hata miale yote ambayo ingalipotea juu na chini ikakusanywa na kupelekwa mbele kama mkuki.

Ziko pia taa za jozi, ambazo kwa maoni yangu ndizo zenye akili kuliko zote, na mkulima atazielewa upesi. Tupandapo mahindi kwa mstari, twachomeka kigingi kimoja hapa na kingine kule. Mtu akisimama mahali ambapo kigingi cha mbele kinakifunika cha nyuma, yumo mstarini. Vikionekana viwili, amepotoka. Bandarini hufanya vivyo hivyo. Taa moja huwekwa chini karibu na maji, na nyingine juu zaidi nyuma yake. Nahodha akiziona moja juu ya nyingine, yumo katika njia yenye kina. Ya chini ikionekana imekwenda kulia au kushoto, hugeuza usukani mpaka zikae sawa tena.

Shida ya taa ni mtunzaji. Mnara wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ulijengwa mwaka 1904, na mwaka 1926 ukawekewa taa ya gesi. Gesi hiyo, asetilini, ndiyo iliyowezesha taa kukaa peke yake katika miamba isiyo na watu, kwa sababu ya uvumbuzi wa Gustaf Dalén wa Sweden. Alitengeneza kifaa chenye fimbo nyeusi ambayo hunywa joto la mwanga wa jua, ikarefuka kidogo na kuufunga mlango wa gesi. Jua likitua fimbo hujikunja, mlango hufunguka, na taa huwaka yenyewe bila ya mtu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka huo huo gesi ile ile ilimlipukia katika majaribio ikampofusha macho yote mawili. Aliendelea na kazi yake akiwa kipofu, mpaka alipokufa mwaka 1937.

Nikiwa Kisumu niliukumbuka mji mmoja ambao kila karani wa mahindi amewahi kulisikia jina lake, maana bei ya mahindi ya dunia hutajwa huko: Chicago, katika Marekani. Nao ni mji wa ziwa, Ziwa Michigan. Walijenga mnara wa taa mlangoni mwa mto wao mwaka 1831, ukaanguka kabla ya kazi kukamilika. Wakajenga mwingine mwaka 1832. Wakati huo Chicago ilikuwa kijiji tu, hata haikulingana na Chwele ya leo siku ya soko. Miaka 16 baadaye, mwaka 1848, walikuwa na mfereji wa kuleta nafaka kutoka bara na soko rasmi la kuiuzia. Lakini hata wao walijifunza kwa msiba. Usiku mmoja wa Septemba 1860 meli ya abiria Lady Elgin iligongwa na jahazi la kubeba mbao, na watu wapatao 300 wakafa maji. Baada ya hapo jahazi zote zikalazimishwa kuwa na taa, na mwaka 1873 mnara mwingine ukajengwa Evanston, kaskazini ya mji. Mnara wa bandari usimamao Chicago hivi leo ulijengwa mwaka 1893, ukahamishiwa mwisho wa ukuta wa kuvunja mawimbi mwaka 1919. Nafaka ilikuja, taa ikafuata, na taa ilipokuwapo nafaka ikaongezeka.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume, na hapa naomba msomaji aitoe ile miaka niliyompa aiweke kichwani. Reli ya Bungoma ilipofika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931, pamba na kahawa ya Uganda haikuwa na haja tena ya kuvuka maji. Mizigo mingi ikapita kwetu kwa gari la moshi, na Kisumu ikawa haina shughuli kama zamani. Sisi wa Bungoma tulifurahi kupata stesheni; sijapata kumsikia mtu wa kwetu akisema ya kuwa furaha ile ililipiwa gatini Kisumu. Hata hivyo meli hazikukoma. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliendesha meli za ziwa na kuangalia magati na alama za njia, kwa ajili ya nchi zote tatu. Katika miaka ya 1960 zikaja meli kubwa za kubeba mabehewa ya reli, zikiwamo Umoja na Uhuru.

Miaka hiyo hiyo ziwa lenyewe likabadilika. Mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata zilipandisha maji zaidi ya meta mbili kufikia mwaka 1964. Magati yakafunikwa. Na mwamba ambao jana ulionyesha kichwa chake, leo ulikuwa umejificha chini kidogo ya maji, ambapo ndipo unapokuwa hatari kuliko zote. Kwa upande mwingine mito ya Nyando na Nzoia, na mingineyo, huleta matope kila mwaka, na kina kilichopimwa na babu si lazima kiwe kina cha mjukuu. Hii ndiyo sababu niliutaja udongo wa mashamba yetu.

Kisha ukaja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Meli ziligawanywa, kila nchi ikachukua zake. Lakini taa iliyo juu ya mwamba mbali na bandari, inayotazamwa na manahodha wa nchi tatu, ilikuwa ya nani? Meli huingiza nauli, kwa hiyo ina wenyewe wengi. Taa haiingizi hata senti moja, nayo hula gesi, betri, rangi na mshahara wa mtunzaji. Alama nyingi za ziwani zikaachwa, vioo vikavunjika, betri zikaibwa, na giza likarudi mahali pengi pale pale lilipokuwa siku za Whitehouse. Jumuiya ilifufuliwa mwaka 2000, na tangu hapo serikali zetu zimetunga sheria ya usafiri wa ziwani na kuanzisha mradi wa mawasiliano na uokoaji ambao kituo chake kikuu kimewekwa Mwanza. Gati la Kisumu nalo limetengenezwa upya, na Uhuru ikarudi kuchukua mizigo baada ya kulala miaka mingi. Hayo ni mema. Lakini abiria wengi wa ziwa hawapandi meli kubwa. Hupanda mashua za mbao, na mashua hizo haziendi kwenye gati lenye taa. Huenda kwenye ufuko wa kijiji.

Mimi nami nilipanda mashua ya namna hiyo. Kosa lilikuwa langu. Nilichelewa kutoka Kisumu, na nilipofika Luanda Kotieno jua lilikuwa limezama na kivuko cha mwisho kimeondoka. Ningaliweza kulala hapo hapo, lakini ndugu yangu alikuwa ananingoja, na kijana mmoja mwenye mashua ya injini alikuwa anaita abiria. Tulikuwa watu tisa, magunia manne ya mahindi, na makoti mawili tu ya kujiokolea, ambayo tuliyapa mama mmoja na mtoto wake.

Ziwa lilikuwa limetulia. Mbele yetu zilionekana taa nyingi sana, nami nikamwambia nahodha, "Kumbe Rusinga ni mji mkubwa."

Akacheka. "Mzee, hizo ni za omena. Usizitazame, hizo hutembea. Tazama ile nyeupe iliyo peke yake, isiyotikisika. Hiyo ni balbu ya kinu cha kusaga unga pale ufukoni. Upande wake wa kushoto pana mawe. Nikiiweka mbele kidogo ya kulia, nafika salama."

Nikaitazama. Ilikuwa ndogo, hafifu, na kweli haikutikisika. Tulikwenda nayo kwa muda wa nusu saa. Kisha ikazimika.

Hakuna aliyesema neno. Upande ule wote wa kisiwa ulikuwa umeingia giza. "Stima imepotea," nahodha akasema kwa sauti ya chini, akazima injini. Nikamwuliza kwa nini azima. Akasema, "Ili tusikie. Maji yakipiga mawe yatatuambia." Tukakaa kimya, mashua ikisukumwa na maji tusikojua. Upande wa Uganda radi ilianza kumulika, nami nalijua, kwa kuwa ndugu yangu aliniambia zamani, ya kuwa dhoruba za ziwa hupenda saa za usiku. Yule mama akaanza kuomba polepole kwa Kijaluo. Nahodha akachukua upondo akautumbukiza majini kutafuta chini. Mara ya kwanza haukufika. Mara ya pili haukufika. Mara ya tatu ukagonga jiwe, nikausikia mgongano ule katika ubao niliokalia. Akasukuma mashua irudi nyuma kwa nguvu zake zote. Nikamkumbuka Kamanda Whitehouse na bildi yake. Miaka mia moja na zaidi ilikuwa imepita, nasi tulikuwa tunaupima mlango ule ule kwa mti.

Simu yangu ilikuwa na moto kidogo. Nikampigia ndugu yangu, nikampa nahodha aseme naye. Nilidhani atamwambia atafute mashua ya kuja kutuchukua. Badala yake alimwambia hivi: "Mwalimu, niletee bodaboda wawili. Mmoja ashuke mpaka miguu ya pikipiki iguse maji, pale tunapofungia mashua. Wa pili apande njia ya kanisa, asimame juu, nyuma yake kabisa. Wote wawili waelekeze taa ziwani, wasizime."

Tulingoja muda ambao sikuupima. Kisha mwanga mmoja ukatokea chini, na baadaye mwanga wa pili juu yake, lakini umekwenda kando sana, upande wa kushoto. Nahodha akawasha injini polepole, akaipeleka mashua kulia, na ile taa ya juu ikawa inasogea, inasogea, kama mtu apandaye ngazi, mpaka ikakaa juu ya ile ya chini sawasawa. "Hapo," akasema. Hakuzitoa macho tena. Zilipoachana kidogo aligeuza, zikakutana. Nilisikia maji yakipiga mawe upande wetu wa kushoto, karibu kuliko nilivyopenda, kisha sauti ikabaki nyuma, na pua ya mashua ikapanda mchanga.

Nilipomwuliza kijana yule alifundishwa wapi habari za taa za jozi, hakunielewa nasema nini. Alisema baba yake alikuwa akifanya hivyo kwa mioto miwili ya mabua.

Bodaboda wale walikataa fedha yangu, wakasema watamdai mwalimu. Asubuhi nilitembea ufukoni nikayatazama mawe yale katika mwanga wa jua: meusi, si makubwa, maji yamewafika mabegani. Kisha nikaenda kwenye kinu cha unga. Mwenye kinu alikuwa mtu wa makamo, amejaa unga mpaka kwenye nyusi, na stima ilikuwa imerudi. Nikamsalimu, nikamweleza ya kuwa balbu yake ndiyo mnara wa taa wa upande ule wa ziwa, na ya kuwa mashua zote za usiku huitazama.

Alinitazama akidhani namfanyia mzaha. Alisema aliiweka kwa ajili ya wezi tu, na ya kuwa wiki nyingine huizima saa nne ya usiku kwa sababu ya bili. Akacheka akasema, "Basi hao manahodha waje tugawane bili!" Kisha akanyamaza. Akahesabu kitu kwa vidole vyake.

"Jaduong'," akaniuliza, "wao huitazama ipi? Hii ya mlangoni, au ile ya nyuma?"

Nikamwambia ni hii ya mlangoni. Akaiinulia macho kwa muda. Ilikuwa nyeupe kwa unga kama yeye mwenyewe. Akaenda ndani, akatoka na kitambaa na kiti, akapanda juu ya kiti akaanza kuifuta.